Jasiri Haachi Asili? Jinsi Jaji wa England Anavyoliongoza Juri Kuhusu Tabia Mbaya ya Mshtakiwa

Tuchukue kesi ya mfano katika Mahakama ya Crown, ile inayosikiliza makosa mazito England na Wales. Mtu anashtakiwa kwa kuvunja nyumba usiku na kuiba. Jirani anasema alimwona mtu mwenye umbo kama lake akiruka ukuta. Siku mbili baadaye simu iliyoibwa inakutwa chumbani kwake. Yeye anasema aliinunua mtaani kwa mtu asiyemjua. Wananchi 12 wa juri hawajaambiwa kwamba ameshatiwa hatiani mara 3 kwa kuvunja nyumba, mara zote usiku, mara zote kwa kupitia dirisha la nyuma.

Je, waambiwe? Na wakiambiwa, waifanyie nini habari hiyo?

Swali la kwanza hujibiwa na jaji peke yake, juri likiwa nje ya ukumbi. La pili hujibiwa na juri, kwa maelekezo ya jaji. Wengi wanaofuatilia kesi hizi hulitazama la kwanza tu: ushahidi umepokelewa, au umekataliwa. Lakini uzito uko kwenye la pili. Juri la England halitoi sababu za uamuzi wake. Linasema ana hatia au hana, basi, na ni kosa la jinai hata kuwauliza wanajuri walijadiliana nini chumbani mwao. Kesi ikikatiwa rufaa, hakuna anayeweza kujua rekodi ya zamani ilitumikaje. Kinachobaki cha kukagua ni maneno ambayo jaji aliwaambia.

"Jasiri haachi asili," husema Waswahili mtu akikamatwa tena kwa kosa lilelile. Sheria ya England ya leo haiipingi methali hiyo moja kwa moja. Inakubali kwamba wakati mwingine ina ukweli, kisha inamtaka jaji awaeleze wanajuri ukweli huo unafika wapi na unaishia wapi.

Kutoka ngao ya 1898 hadi sheria ya 2003

Kwa zaidi ya miaka 100 kanuni ilikuwa kufunga mlango. Mwaka 1893, katika kesi ya Makin iliyotoka New South Wales, mume na mke walishtakiwa kwa kumuua mtoto mchanga waliyemchukua kumlea kwa malipo kidogo. Maiti za watoto wengine zilifukuliwa katika nyua za nyumba walizowahi kupanga. Baraza la Rufaa la Malkia mjini London likaweka msingi wenye pande mbili: upande wa mashtaka hauruhusiwi kuonyesha makosa mengine ili tu juri liseme huyu ni mtu wa namna hiyo, lakini makosa hayo yanaweza kupokelewa yakiwa yanahusu jambo linalobishaniwa, kwa mfano kama vifo vilikuwa ajali.

Mwaka 1898 sheria ikamruhusu mshtakiwa kutoa ushahidi kwa kiapo, ikampa na ngao: hawezi kuulizwa juu ya makosa yake ya zamani, isipokuwa akijisifu kuwa ni mtu mwema, akishambulia tabia ya mashahidi wa mashtaka, au akitoa ushahidi dhidi ya mshtakiwa mwenzake. Msomaji wa Kenya ataitambua ngao hii mara moja, kwani kifungu cha 57 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kimejengwa kwa mtindo huohuo. Tofauti ni kwamba Kenya haina juri. Hakimu au jaji ndiye anayeusikia ushahidi, ndiye anayeuamulia, na maelekezo anajipa mwenyewe ndani ya hukumu yake. England kazi hizo ni za watu tofauti, ndiyo maana maelekezo yamekuwa sanaa.

Sheria ya Haki ya Jinai ya mwaka 2003 ilizifuta kanuni za zamani na kuweka utaratibu mpya ulioanza kutumika tarehe 15 Desemba 2004. Kifungu cha 98 kinasema tabia mbaya ni ushahidi wa mwenendo mbaya au wa mwelekeo wa kuwa na mwenendo huo. Kifungu cha 112 kinaongeza kwamba mwenendo mbaya ni kutenda kosa la jinai au tabia nyingine ya kulaumika. Kumbe si lazima pawe na hukumu ya mahakama. Ujumbe wa simu, video, ugomvi ambao polisi hawakuuchukulia hatua, vyote vinaweza kuingia humo.

Lakini si kila jambo lisilopendeza ni la kulaumika kwa maana hii. Mahakama ya Rufani iliwahi kuona kwamba uhusiano wa mwanamume wa miaka 34 na msichana wa miaka 16, ambao haukuwa kosa kisheria, haukutosha kuitwa hivyo wenyewe bila kitu cha ziada. Jambo likiwa si tabia mbaya kisheria, halihitaji mlango wa sheria hii. Linapimwa kwa swali la kawaida: linahusu kesi au halihusu?

Kuna pia kundi lililowekwa kando na kifungu cha 98 chenyewe, yaani mambo yaliyo sehemu ya tukio linaloshtakiwa. Mtu akishtakiwa kwa kumchoma mwenzake kisu saa 5 usiku, na saa 4 alikuwa anawatishia watu baa ileile kwa kisu hichohicho, hiyo ni habari ya tukio lenyewe. Mawakili hubishana sana juu ya mpaka huu, kwa kuwa upande wa mashtaka ukishinda hapo unaepuka masharti yote yanayofuata.

Milango saba

Ushahidi wa tabia mbaya ya mshtakiwa unaingia kwa kupitia mmoja wa milango 7 ya kifungu cha 101. Wa kwanza ni makubaliano ya pande zote. Wa pili ni mshtakiwa kuusema mwenyewe, jambo lisilo la ajabu: wakili mzoefu huona ni heri juri lisikie habari mbaya kutoka kwa mteja wake kuliko liivumbue. Wa tatu ni maelezo ya lazima, pale ambapo bila habari hiyo juri litashindwa au litapata taabu kuelewa ushahidi mwingine. Wa nne, ambao ndio barabara kuu, ni ushahidi unaohusu jambo muhimu linalobishaniwa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka. Wa tano ni ugomvi kati ya washtakiwa wenyewe, kila mmoja akimsukumia mwenzake kosa. Wa sita ni kusahihisha picha ya uongo ambayo mshtakiwa amejichorea. Wa saba unafunguka mshtakiwa anapoishambulia tabia ya mtu mwingine, hata kama shambulio hilo lilikuwa kwenye mahojiano ya polisi tu.

Mlango wa nne na wa saba una kufuli la ziada. Mshtakiwa akiomba, jaji lazima aukatae ushahidi iwapo kuupokea kutaharibu haki ya kesi kiasi kwamba haifai kupokelewa. Mlango wa tano hauna kufuli hilo. Ushahidi wa mshtakiwa mmoja dhidi ya mwenzake ukifikia kiwango cha uzito kinachotakiwa, jaji hana hiari ya kuuzuia, hata kama utamwangamiza mwenziwe.

Upande wa mashtaka unaotaka kutumia rekodi ya mshtakiwa unatakiwa kutoa notisi ya maandishi ndani ya siku 10 za kazi tangu akane shtaka katika Mahakama ya Crown. Notisi inaeleza ni tabia gani, itathibitishwa vipi, na kwa nini inahusika. Hapo kwenye "kwa nini" ndipo maelekezo ya baadaye yanapozaliwa. Notisi inayosema tu kwamba mshtakiwa ana makosa 11 ya awali na yanaonyesha mwelekeo wake haimsaidii jaji hata kidogo, na mwanzo mbovu wa namna hiyo huonekana tena wiki kadhaa baadaye, jaji akikosa la kuwaambia wanajuri.

Maswali matatu ya Hanson

Miezi michache baada ya sheria kuanza, mwaka 2005, Mahakama ya Rufani ilitoa uamuzi katika kesi ya Hanson ambao hadi leo ndio ramani ya mlango wa nne. Upande wa mashtaka ukidai mwelekeo, jaji anajiuliza: Je, historia ya hukumu hizi inaonyesha mwelekeo wa kutenda makosa ya aina hii? Je, mwelekeo huo unaongeza uwezekano kwamba mshtakiwa alitenda kosa hili? Na je, itakuwa dhuluma kuzitegemea hukumu hizo, au kesi itakosa haki zikipokelewa?

Hakuna idadi ya chini. Kadiri hukumu zinavyokuwa chache ndivyo hoja ya mwelekeo inavyodhoofika, na hukumu moja kwa kawaida haitoshi. Inaweza kutosha ikiwa inaonyesha jambo lisilo la kawaida kwa binadamu wengi, na mahakama ilitaja kuwadhuru watoto kingono na kuchoma vitu moto. Jina la kosa pia halitoshi. Wizi wa kuchukua pipi dukani na wizi wa kuvunja nyumba usiku vinaweza kukaa katika kundi moja la kisheria, lakini kimoja hakisemi chochote juu ya kingine. Ndiyo maana upande wa mashtaka unatakiwa uamue mapema kama unategemea hukumu peke yake au pia namna kosa lilivyotendwa. Ukitaka namna, na mshtakiwa akabisha, itabidi uilete kwa ushahidi. Hapo jaji anapima tena, maana kesi ya leo inaweza kumezwa na mabishano juu ya kesi ya juzi.

Kigezo ambacho mahakama hiyo ilikisisitiza, na ambacho kwa maoni yetu ndicho kinachookoa kesi nyingi, ni kwamba rekodi haiwekwi ili kuipa nguvu kesi dhaifu. Njia ya kukitumia ni rahisi. Iondoe rekodi mezani, tazama kilichobaki. Katika mfano wetu anabaki jirani aliyeona umbo, na simu iliyokutwa chumbani. Hiyo ni kesi inayosimama, na rekodi inaisaidia. Ondoa simu, abaki jirani peke yake aliyeona mtu kwa sekunde chache gizani, na rekodi sasa inabeba kesi nzima mgongoni. Jaji anayejua kazi yake ataikataa.

Maneno yenyewe

Tuseme hukumu tatu zimepokelewa. Kwa kawaida haziletwi na shahidi. Pande mbili huandika karatasi ya mambo yaliyokubaliwa, yenye tarehe, kosa na maelezo mafupi, nayo husomwa mbele ya juri. Jaji mwangalifu hutoa tahadhari fupi palepale, asisubiri mwisho, kwa kuwa siku nne za kukaa na habari hiyo bila mwongozo zinatosha kwa mtu kukata shauri moyoni.

Kabla ya hotuba za mwisho, jaji huandika rasimu ya maelekezo na kuijadili na mawakili, juri likiwa nje. Majaji wana mwongozo wa pamoja unaotolewa na Chuo cha Mahakama, wenye mifano ya maelekezo kwa kila mlango. Mifano hiyo ni kama kitambaa kilichokatwa tayari, bado kinahitaji kushonwa kimfae mvaaji. Kwa kesi yetu, maelekezo yaliyoshonwa vizuri yanaweza kusomeka hivi:

"Mmesikia kwamba mshtakiwa alitiwa hatiani mwaka 2019, 2021 na 2022 kwa kuvunja nyumba usiku kupitia dirisha la nyuma. Mmeambiwa habari hii kwa sababu inaweza kuwasaidia katika swali moja: aliinunua simu ile mtaani, au ni yeye aliyeingia katika nyumba ile? Upande wa mashtaka unasema hukumu hizo zinaonyesha ana mwelekeo wa kuvunja nyumba kwa namna hiyo, na kwa hiyo uwezekano kwamba ni yeye unaongezeka. Upande wa utetezi unasema makosa yale aliyakiri yote, kwamba tangu 2022 ana kazi na hajarudia, na kwamba dirisha la nyuma ndilo linalotumiwa na wezi wengi.

Kwanza amueni kama hukumu hizo zinaonyesha kweli mwelekeo huo. Msipokuwa na uhakika, ziwekeni kando kabisa. Mkiwa na uhakika, amueni kama mwelekeo huo unawasaidia, na kwa kiasi gani. Kumbukeni kwamba mtu mwenye mwelekeo fulani si lazima awe ametenda kila kosa linalofanana na yale yake ya zamani. Hizi ni sehemu tu ya ushahidi. Msimtie hatiani kwa sababu ya hukumu hizo peke yake, wala hasa kwa sababu ya hizo."

Kila sentensi hapo ina kazi. Ya kwanza inataja mambo kwa usahihi, bila kuyakuza. Ya pili inafunga ushahidi kwenye swali moja, na hii ndiyo sentensi ngumu kuliko zote. Jaji akishindwa kuikamilisha, yaani akiandika "ushahidi huu unaweza kuwasaidia kuamua..." na kalamu ikakwama, basi tatizo haliko kwenye uandishi. Ushahidi wenyewe haukupaswa kupokelewa, na bado kuna muda wa kulifikiria upya kabla juri halijaingia.

Hoja za pande mbili zinafuata kwa sababu Hanson inataka juri lizingatie mshtakiwa alisema nini juu ya hukumu zake. Angalia pale aliposema aliyakiri yote. Kwa wakili wa utetezi hiyo ni hoja ya dhahabu: mteja wangu akifanya hukubali, na hili amelikana. Jaji akiisahau hoja hiyo, juri linabaki na upande mmoja wa sarafu.

Kisha vinakuja vizuizi. Neno "hasa" lina uzito wake. Kuwaambia wanajuri wasimtie mtu hatiani kwa rekodi peke yake hakutoshi, kwani katika kila kesi daima kuna kaushahidi kengine kadogo, na juri linaweza kujiona halijavunja agizo ilhali rekodi ndiyo iliyoamua kila kitu. Vilevile tazama kwamba jaji anasema "uhakika". Majaji wa England siku hizi huwaambia wanajuri wawe na uhakika kuwa mshtakiwa ana hatia, badala ya ile lugha ya kale ya kutobaki na shaka ya msingi.

Tahadhari hizi si za kupamba tu. Utafiti uliochapishwa England mwaka 2000, uliotumia majuri ya majaribio, ulionyesha kwamba kusikia hukumu ya karibuni ya kosa linalofanana kuliwafanya washiriki waone uwezekano mkubwa zaidi wa hatia. Hukumu ya kumdhuru mtoto kingono ilimharibia mshtakiwa kwa kiwango cha pekee.

Mwongo au mwizi?

Kosa moja lilirudiwa sana miaka ya mwanzo, na bado hutokea: jaji kuwaambia wanajuri kwamba hukumu za wizi zinaonyesha mshtakiwa si mkweli, kwa hiyo wapime kwa rekodi hiyo kama wamwamini kizimbani. Hanson ilitenganisha mambo haya mawili. Kukosa uaminifu wa mali na kusema uongo si kitu kimoja. Mtu anayevunja dirisha na kubeba televisheni hajamdanganya mtu yeyote. Hukumu inaonyesha mwelekeo wa uongo pale tu ambapo, kwa mfano, alikana zamani, akatoa maelezo yake kwa kiapo na juri la wakati ule likayakataa, au kosa lenyewe lilitendwa kwa kudanganya, kama kutapeli watu kwa nyaraka bandia. Mshtakiwa wetu alikiri mara zote tatu. Kumwita mwongo kwa hukumu hizo ni kosa.

Mwaka 2007, katika kesi ya Campbell, Jaji Mkuu alikwenda mbali zaidi: mwelekeo wa kusema uongo ni mara chache kuwa jambo muhimu lenyewe, na maelekezo yawe mepesi, yaeleze kwa lugha ya kawaida ushahidi unahusu nini. Wanajuri hawahitaji kujua ushahidi uliingia kwa mlango upi. Jaji anayewasomea kifungu cha 101 herufi kwa herufi anawapa mzigo usio wao.

Hilo linafungamana na jambo jingine linalowachanganya hata mawakili. Mlango ni wa kuingilia tu. Ushahidi ukishaingia, matumizi yake yanategemea unahusu nini. Mtu akimwita mlalamikaji mwongo na mlevi, rekodi yake ya kushambulia watu inaweza kuingia kupitia mlango wa saba ili juri lijue anayetoa shutuma hizo ni nani. Lakini kama rekodi hiyo kweli inaonyesha pia mwelekeo wa ukatili, jaji anaweza kuwaruhusu waitumie hivyo, kwa sharti kwamba amesema wazi na mawakili wamepata nafasi ya kulijibu. Kinyume chake, habari iliyoingia kama maelezo ya lazima isigeuzwe mwelekeo kimyakimya. Mke akieleza kwamba hakutoroka kwa sababu aliwahi kupigwa, na habari hiyo imepokelewa ili kueleza kwa nini hakutoroka, jaji lazima aseme kwamba ni kwa ajili hiyo tu.

Pasipokuwa na hukumu

Mambo yanakuwa magumu zaidi pale tabia mbaya yenyewe inapokanwa. Hakuna hati ya hukumu, kuna madai tu: aliwahi kutoa kisu mwaka fulani, aliwahi kumtishia mtu mwingine. Je, juri liwe na uhakika juu ya kila tukio moja moja kabla ya kulitumia?

Mahakama ya Juu ya Uingereza ililijibu swali hili mwaka 2016 katika kesi ya Mitchell kutoka Ireland ya Kaskazini. Kinachotakiwa kuthibitishwa kwa kiwango cha jinai ni mwelekeo. Juri linatazama matukio yote kwa pamoja na kujiuliza kama lina uhakika kuwa mwelekeo upo. Halilazimiki kulipima kila tukio katika sanduku lake, kana kwamba mengine hayakutokea. Bila shaka, likiwa tukio moja tu ndilo linalotegemewa, hakuna pamoja, na uhakika lazima uwe juu ya tukio hilo. Hata jambo ambalo mtu aliachiwa huru zamani linaweza kuletwa tena. Mwaka 2000, katika kesi ya Z, Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya wakati huo, liliruhusu upande wa mashtaka uwaite wanawake kutoka kesi za awali za ubakaji ambazo mshtakiwa alishinda, kwa kuwa hakuwa anaadhibiwa upya kwa mambo yale.

Mashtaka mengi ndani ya hati moja

Hapa ndipo majaji wengi hujikwaa, na panastahili kukaa. Walalamikaji watatu wanamshtaki kocha mmoja kwa kuwashika vibaya. Hakuna rekodi ya zamani. Hata hivyo kifungu cha 112 kinasema kila shtaka lichukuliwe kana kwamba lina kesi yake, kwa hiyo ushahidi wa mlalamikaji wa kwanza ni ushahidi wa tabia mbaya ukitumika kwenye shtaka la pili. Unaweza kutumika kwa njia mbili, nazo hazifanani.

Njia ya kwanza ni kutowezekana kwa bahati. Mfano wake wa kale ni George Joseph Smith, aliyehukumiwa London mwaka 1915 kwa kumuua Bessie Mundy, aliyekutwa amekufa maji bafuni mwaka 1912. Juri lilisikia kwamba wanawake wengine wawili waliofunga naye ndoa, Alice Burnham mwaka 1913 na Margaret Lofty mwaka 1914, walikufa vivyohivyo. Kifo kimoja bafuni kinaweza kuwa ajali. Vitatu, mume akiwa yuleyule, akili inagoma. Hoja hii haianzi kwa kusema Smith ni mtu wa kuua. Inaanza kwa kuuliza ajali hizi zingejipanga vipi.

Kwa kocha wetu, swali ni lilelile: kuna uwezekano gani watu watatu, kila mmoja kivyake, wabuni madai yanayofanana? Nguvu yote iko kwenye "kila mmoja kivyake". Kwa hiyo jaji lazima awaelekeze wanajuri waanze na uhuru wa madai hayo. Walalamikaji wamekula njama? Au, jambo linalotokea zaidi, mmoja alisikia ya mwenzake kwenye kundi la simu, na kumbukumbu yake ikavutwa bila yeye kukusudia? Kadiri wanavyoathiriana ndivyo hoja inavyokwisha. Ushahidi ukiwa umechafuka kiasi kwamba hukumu ya hatia haitakuwa salama, kifungu cha 107 kinamlazimu jaji kuisimamisha kesi au kuvunja juri.

Njia ya pili ni mwelekeo. Juri likiwa na uhakika juu ya shtaka la kwanza, linaweza kujiuliza kama hatia hiyo inaonyesha mwelekeo, kisha mwelekeo huo unasaidia nini kwenye la pili. Hapa kuna mpangilio, hatua moja kabla ya nyingine. Kwenye njia ya bahati hakuna haja ya kuanza na uhakika juu ya shtaka lolote.

Jaji akizichanganya, juri linaambiwa mambo yanayopingana: muwe na uhakika kwanza, lakini pia mtazame yote pamoja. Akizitaja zote mbili ilhali upande wa mashtaka ulitegemea moja, anafungua njia ambayo utetezi haukupata nafasi ya kuijibu. Asipozitaja kabisa, kila mwanajuri anajitungia yake. Na kama hakuna njia hata moja inayofaa, hilo nalo linahitaji kusemwa: ushahidi wa kila shtaka ubaki kwenye shtaka lake. Kilicho lazima daima ni agizo la kulipima kila shtaka kivyake, kwani juri linaweza kumwona ana hatia kwenye moja na hana kwenye jingine.

Maelekezo ya siku hizi hutolewa kwa mdomo na kwa maandishi. Wanajuri huingia na nakala zao chumbani, mara nyingi pamoja na orodha ya maswali ya kufuata hatua kwa hatua hadi uamuzi. Wakikwama wanaandika swali, na mara nyingine swali ni hili: je, makosa yake ya zamani yanatosha? Jaji huwaita mawakili, husoma barua hiyo mahakamani ikiwa haifichui hesabu ya kura, na kukubaliana nao juu ya jibu. Kisha juri linarudishwa ukumbini, na jaji anaanza kwa neno "hapana" kabla ya kuwasomea tena aya ile ya vizuizi, kwa maneno yaleyale waliyonayo mikononi.